Mtaala upi wa Biblia kwa watoto wanaosomea nyumbani?

Swali: Mwaka huu tumeanza kuwasomesha watoto wetu watatu nyumbani, wana miaka 5, 8 na 12. Hisabati, lugha na sayansi tumeshapanga, ila somo la Biblia limenishinda. Nimepata mitaala mitatu. Wa kwanza una vitabu vya mazoezi vya kila darasa. Wa pili unapita Biblia yote kwa miaka minne, familia nzima ikisoma pamoja. Wa tatu ni wa kukariri aya na katekisimu, yaani mafundisho ya imani kwa maswali na majibu. Mimi ni Mpentekoste, mume wangu ni Mkatoliki, na sijasoma theolojia popote. Nichague upi, na nitajuaje kama watoto wanajifunza?

Jibu: Dada mpendwa, chukua huo wa miaka minne. Wafundishe watoto wote watatu kwa pamoja, na vitabu vya mazoezi uachane navyo. Kukariri nako ukuchukue, lakini kuwe sehemu ya somo, kusiwe ndiyo somo. Sasa nikueleze sababu, na nikuonyeshe pale ambapo hata huo wa miaka minne utabidi uurekebishe kwa mkono wako.

Ninapopewa mtaala wa Biblia niukague, naangalia jambo moja kabla ya mengine yote: je, unamfikisha mtoto kwenye Biblia yenyewe, au unasimama katikati yake na Biblia? Picha nzuri, karatasi nzito na nyimbo za kupakua haziwezi kujibu swali hilo. Somo moja la mfano linaweza. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, omba masomo mawili ya mfano, kisha ukae nayo Biblia ikiwa wazi mkononi.

Omba somo la Yona. Kitabu kizima ni sura nne, aya 48, unaweza kukisoma kwa sauti chini ya robo saa. Masomo mengi ya watoto yanaishia samaki anapomtapika Yona nchi kavu, na funzo linakuwa "mtii Mungu usije ukaadhibiwa". Lakini hapo ni mwisho wa sura ya pili! Bado Ninawi haijatubu, bado Yona hajakasirika kwa sababu Mungu ameusamehe mji, bado mmea haujanyauka. Kitabu chenyewe kinamalizika kwa swali ambalo Mungu anamwuliza Yona: je, asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi pia? Swali linaachwa bila jibu. Mtoto wa miaka minane aliyesoma mpaka hapo atakuwa na la kusema, maana anajua vizuri ilivyo kumwona mdogo wake akisamehewa wakati yeye alitaka aadhibiwe. Mtaala uliokatia hadithi kwenye ufuko umemnyima mtoto nusu ya kitabu, na nusu yenyewe ndiyo iliyofanya kitabu kiandikwe.

Kisha omba somo la Daudi na Goliathi, 1 Samweli 17. Tazama maswali ya mwisho. Kama yote ni ya aina ya "Goliathi wako ni nani?" na "utakuwaje shujaa kama Daudi?", rudi kwenye aya ya 45 hadi 47 usome Daudi mwenyewe anasema nini. Anasema amekuja kwa jina la Bwana wa majeshi, ili dunia yote ijue kwamba yuko Mungu katika Israeli. Hajisifii ujasiri wake. Somo linalomfanya mtoto ajiangalie yeye tangu mwanzo hadi mwisho, na lisimpe nafasi ya kuuliza Mungu ni nani katika habari hii, limepotoka, hata kama kila sentensi yake ni ya adili. Sisemi adili lisifundishwe. Nasema Biblia ikigeuzwa kuwa mkusanyiko wa mifano ya tabia njema, mtoto ataichoka akifika miaka kumi na mitatu, kwa sababu tabia njema ameshaisikia kwingine kote.

Kuna na kipimo kidogo cha uaminifu. Je, kitabu kinawahesabu mamajusi kuwa watatu? Mathayo hatoi idadi. Je, kinasema Hawa alikula tufaha? Mwanzo inasema tunda tu. Ni mambo madogo, lakini mwandishi asiyefungua Biblia kuyahakiki hayo huenda hakuifungua kwa makubwa pia.

Sasa vitabu vya mazoezi. Mama wengi wanavipenda kwa sababu vinaonyesha kazi imefanyika: ukurasa umejazwa, tiki imewekwa. Lakini mtoto mwepesi anaweza kujaza "Musa alivuka bahari ya ____" bila kuwaza lolote. Isitoshe una watoto watatu. Maana yake ni vitabu vitatu, masomo matatu na usahihishaji mara tatu, na kila mtoto yuko mahali pake katika Biblia. Mezani hamtakuwa na la kuzungumza pamoja. Nyumbani mna nafasi ambayo darasa la watoto 40 halina, nayo ni kusoma habari moja watu wote na kuizungumza. Msiiuze kwa karatasi za kujaza.

Badala yake, msomeeni mtoto kifungu mara moja, kwa utulivu, kisha mwambie akusimulie. Njia hii ilipewa uzito mkubwa na mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyefariki mwaka 1923, na familia nyingi zinazosomesha nyumbani bado zinaifuata katika karibu kila somo. Kusimulia ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mtoto lazima asikilize, apange, achague maneno, aunganishe hili na lile. Na wewe unasikia papo hapo alichoelewa na alichoruka.

Chukua habari ya dhoruba, Marko 4:35-41. Mdogo wa miaka mitano aigize: mashua, upepo, mtu amelala. Dakika kumi zinamtosha. Ukimshika nusu saa utamfundisha kuchukia. Wa miaka minane asimulie kwa maneno yake, usimkatize kumsahihisha katikati. Mwache amalize, ndipo mrudi kwenye aya mwone kilichosahaulika. Wa miaka kumi na miwili mpe kazi ya kweli: asome habari hiyohiyo katika Mathayo 8 na Luka 8, aandike tofauti anazoziona. Atagundua kwamba Marko peke yake ametaja mto ambao Yesu aliulalia kichwa, na mashua nyingine zilizokuwa pamoja nao. Ataanza kujiuliza kwa nini mwandishi huyu ameyaweka haya na yule ameyaacha. Kijana aliyefika kwenye swali hilo ameanza kusoma Biblia, na hakuna kitabu cha mazoezi kitakachomfikisha hapo kwa haraka hiyo.

Niseme pia mapungufu ya mtaala wa miaka minne, maana utakutana nayo. Kwanza, neno "yote" lipokee kwa tahadhari. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Mitaala mingi inayotoka Marekani hupangwa kwa wiki 36 za masomo, siku 180 kwa mwaka. Miaka minne ni siku 720. Kwa hiyo mwandishi yeyote amechagua. Fungua orodha ya masomo utazame ameacha nini. Sitaumia akipita haraka kwenye orodha za ukoo na sheria nyingi za Walawi. Lakini kama manabii wamepewa wiki mbili, Ayubu hayumo, na barua za Paulo zimekuwa aya moja moja za kukariri, hapo utajazia mwenyewe au utatafuta mwingine.

Pili, mitaala ya mfuatano huanzia Mwanzo ikaenda taratibu, na huenda watoto wakamaliza miaka miwili na zaidi kabla ya kufika kwenye Injili. Mwanao mdogo atakuwa anakaribia miaka minane hajamsikia Yesu katika somo la nyumbani. Usikubali. Kila mwaka someni Injili moja nzima kando ya mtaala, sura moja au nusu sura kwa siku, katika majuma ya kuelekea Pasaka. Na hapa ndoa yenu inawapa msaada ambao pengine hukuufikiria: masomo ya Misa ya Dominika yanazunguka kwa miaka mitatu, mwaka A ukiwa wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka, na Yohana akisomwa zaidi katika vipindi kama Kwaresima na Pasaka. Mwulize mume wako mko mwaka gani, msome Injili hiyohiyo. Watoto wakienda Misani na baba yao watasikia kinachofahamika. Mwaka wa nne, someni Yohana.

Tatu ni zile habari nzito. Biblia haikuandikwa kwa watoto wa miaka mitano. Kuna Dina katika Mwanzo 34, suria wa Mlawi katika Waamuzi 19, Bathsheba na kisha Tamari katika 2 Samweli 11 na 13. Mtaala mzuri unamwambia mzazi mapema, katika kitabu cha mwalimu, kwamba wiki ijayo kuna jambo hili na hivi ndivyo unavyoweza kuligawa kwa umri. Mtaala usiosema kitu unakuacha ushtukie katikati ya kusoma kwa sauti. Kwa mdogo, ruka. Kwa mkubwa, soma kwanza peke yako, kisha msome wawili tu, bila wadogo. Miaka kumi na miwili ni umri wa kujua kwamba Daudi aliyempenda katika 1 Samweli 17 alifanya dhambi mbaya, na kwamba Biblia haikumfichia. Sharti langu ni moja: unaweza kumpunguzia mtoto habari, lakini usimwambie kitu ambacho kesho atalazimika kukikana.

Nakuja kwenye hilo la Mpentekoste na Mkatoliki, na naomba usilipitie juu juu. Kaeni na mume wako kabla ya kununua. Kila mchapishaji ana kanisa analolitazamia hata asipolitaja kwenye jalada. Tafuteni tamko lao la imani, kisha msome pamoja masomo manne: ubatizo, Karamu ya mwisho ya Bwana, Mariamu mama wa Yesu, na Pentekoste katika Matendo 2. Huko ndiko msimamo wa mwandishi unakoonekana. Mkikuta lugha ya kulidharau kanisa la mmoja wenu, rudisheni mtaala huo hata kama mengine yote ni mazuri. Mtoto hawezi kufundishwa jioni kwamba imani ya baba yake ni upuuzi, kisha asubuhi aambiwe amheshimu baba yake.

Tofauti nyingine wataziona wenyewe, basi waambieni mapema. Biblia ya mama ina vitabu 66. Ya baba ina 73, pamoja na Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Makabayo wawili, na sehemu zaidi katika Esta na Danieli. Hata Amri Kumi hazihesabiwi sawa. Katika hesabu ya Kanisa Katoliki, ambayo Walutheri nao wanaifuata, katazo la sanamu limo ndani ya amri ya kwanza, na kutamani kumegawanywa kuwa amri ya tisa na ya kumi. Waprotestanti wengine wengi wanaihesabu sanamu kuwa amri ya pili. Ndiyo maana "usiue" ni ya tano kwa baba na ya sita kwa mama. Maneno ni yaleyale ya Kutoka 20. Mtoto aliyeelezwa haya mezani, wazazi wote wawili wakiwepo, hatababaika atakapoyasikia kwingine. Asiyeelezwa atadhani mmoja wenu amekosea. Na nashauri baba awafundishe Makabayo mwenyewe. Ni historia ya karne ya pili KK ambayo mama pia itamsaidia kuelewa ulimwengu aliozaliwa Yesu.

Kuhusu kukariri, mtaala wako wa tatu una wema mmoja mkubwa: kinachoingia utotoni kinakaa. Na katekisimu si kitu cha darasani tangu asili. Martin Luther alipotoa katekisimu yake ndogo mwaka 1529 aliiandika ili mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani kwake. Ila kwenu, katekisimu ipi ni la kupatana ninyi wawili, sitawaamulia.

Ninachokusihi ni kukariri vifungu vizima badala ya aya zilizong'olewa. Zaburi 23 ina aya sita, Zaburi 1 pia sita, Sala ya Bwana katika Mathayo 6 ni aya tano. 1 Wakorintho 13 ina aya kumi na tatu, na wa miaka minane anaimudu kwa mhula mmoja. Aya pekee hupotea njia. Watoto wengi wanaijua Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani na tumaini, bila kujua kwamba iko ndani ya barua waliyoandikiwa mateka wa Babeli, na kwamba aya inayotangulia inawaambia wangoje miaka sabini. Wafilipi 4:13 nayo husemwa kabla ya mtihani na kabla ya mechi, wakati Paulo alikuwa anazungumzia kuridhika, awe na njaa au ameshiba. Ukiwafundisha kifungu chote, aya italindwa na jirani zake.

Chagueni tafsiri moja ya kukariria na msibadilishe. Union Version ya mwaka 1952 ina mwendo wa maneno unaoshika kichwani, ndiyo inayosikika katika makanisa mengi ya Kiprotestanti. Habari Njema ni nyepesi kwa mtoto kuielewa, na ina toleo lenye vitabu vya Deuterokanoni, vile saba vya ziada katika Biblia ya baba, jambo ambalo kwenu lina maana. Naona vizuri msome kwa Habari Njema na mkariri kwa Union. Kama mtaala ni wa Kiingereza, usijaribu kutafsiri aya zao. Fungua tu Biblia yako mahali palipotajwa. Na marudio yawe ya kuachana: kifungu kipya kirudiwe kila siku wiki ya kwanza, kisha mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi. Kisichorudiwa hakikai, hata kikikaririwa vizuri namna gani.

Umeniambia hujasoma theolojia. Timotheo alijifunza Maandiko tangu utoto, na Paulo anapoitaja imani ya nyumbani kwao anamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Unachohitaji ni kitabu cha mwalimu kinachoeleza mazingira ya kifungu kwa ukurasa mmoja hivi, ramani nzuri, na ujasiri wa kusema "hilo sijui, tulitafute". Kitabu cha mwalimu kinachotaka saa nzima ya maandalizi kila siku hakitakufaa, maana una masomo mengine na nyumba ya kuendesha. Pima hilo kwa ukweli, si kwa matamanio ya wiki ya kwanza.

Mkubwa mpe kazi ya kuchora mstari wa nyakati ukutani: Daudi karibu mwaka 1000 KK, kuanguka kwa Samaria 722 KK, Yerusalemu kubomolewa na Wababeli 586 KK, Koreshi kuitwaa Babeli 539 KK, hekalu kubomolewa tena na Warumi mwaka 70 BK. Somo lenu la historia likifika kwa Waashuri au Waajemi, waweke kwenye mstari uleule. Atashangaa kuona Isaya na wafalme wa Ashuru ni watu wa zama moja. Shuleni masomo hayo mawili mara nyingi hayakutani kabisa. Kwenu yanaweza kukutana siku hiyohiyo.

Utajuaje kama wanajifunza? Maarifa yapime bila woga. Baada ya mhula, mtoto wa miaka minane aweze kukusimulia habari kumi hivi kwa mpangilio wake, afungue Biblia akipewa kitabu na sura, na aseme kifungu alichokariri. Mkubwa aweze kukueleza kitabu kizima, kwa mfano Ruthu, nani aliandikiwa au kinahusu nini na kinaungana vipi na Daudi. Mdogo akiomba "soma tena ile", umefaulu. Lakini imani usiipe alama. Usiweke maksi kwenye sala, usimpe zawadi anayejibu kwa uchaji zaidi, wala usimlinganishe mmoja na mwenzake. Watoto wanajua haraka jibu gani linamfurahisha mama, na watakupa hilo. Na kitu kimoja nakuomba sana: usimwadhibu mtoto kwa kumfanya anakili Zaburi. Kwa miaka mingi ataikumbuka ile adhabu kila anapoifungua.

Mkubwa akikuambia haamini jambo fulani, au akauliza kwa nini Mungu aliamuru vita katika Yoshua, usiharakishe kumnyamazisha. Mwambie aandike swali lake kwenye daftari, mtafute, mwulize padri, mwulize mchungaji, muweke majibu yao upande kwa upande. Ni afadhali aulizie nyumbani.

Kwa sasa usinunue chochote. Wiki sita za kwanza tumieni Marko peke yake, sura zake 16, siku nne kwa wiki, mkisoma na kusimulia kama nilivyoeleza, na Zaburi 23 ya kukariri. Andika kila siku mlitumia muda gani na nani alichoka. Mwisho wa wiki ya sita utajua kama familia yenu inaweza asubuhi au jioni, dakika kumi na tano au arobaini, na kama baba atapata siku moja ya kufundisha. Hapo ndipo uombe masomo ya mfano, uyapime kwa Yona na kwa Daudi. Muuzaji asipokubali kukuonyesha hata somo moja kabla ya kulipwa, nenda kwa mwingine.